Mfanyakazi Asiyeonekana: Kibarua, Kipande na Historia ya Kusimamia Kazi ya Mbali

Utangulizi

Neno kibarua lina historia ambayo wengi wanaolitamka leo hawaikumbuki. Ni barua ndogo. Katika miji ya pwani, hususan Unguja na Mombasa ya karne ya 19, mtu aliyekodiwa kwa kazi ya siku alipewa kijikaratasi, naye akakirudisha ili apate ujira wake. Baadaye jina la karatasi likamhamia aliyeishika, na hatimaye likaihamia kazi yenyewe, hata leo mtu aliyeachishwa kazi husema kibarua chake kimeota nyasi.

Insha hii inaanzia kwenye karatasi ile kwa sababu ilikuwa chombo cha usimamizi. Ilibuniwa kwa ajili ya hali ambayo mlipaji hakuwapo mahali kazi ilipofanyika, na hivyo alihitaji kitu kingine kimwonee kwa niaba yake. Maandishi mengi kuhusu kazi ya mbali na mpangilio mseto, yaani ule unaomgawa mfanyakazi kati ya siku za ofisini na siku za nyumbani, huichukulia hali hiyo kuwa zao la intaneti na la ugonjwa wa UVIKO-19. Dai linalotetewa hapa ni tofauti. Kilichozaliwa na intaneti ni njia mpya tu za kumtazama mtu aliye mbali. Tatizo la mwajiri asiyemwona mfanyakazi wake ni kongwe, na katika Afrika Mashariki lina kumbukumbu nene kuliko tunavyodhani. Swali linaloongoza mjadala ni hili: mwajiri anapokosa macho, huhesabu nini badala yake, na gharama ya kutoonekana huko humwangukia nani?

Kibarua na bwana wake

Wanahistoria wa pwani, akiwamo Frederick Cooper na Jonathon Glassman, wameonyesha kwamba utumwa wa mijini haukufanana na ule wa mashamba ya karafuu. Katika mashamba palikuwa na nokoa na msimamizi, na kazi ilipimwa kwa ngwe. Mjini hali ilikuwa nyingine. Mmiliki aliyekuwa na watumwa wachache, pengine mjane asiye na shamba, aliwatoa wakatafute kazi wenyewe: kupakua majahazi, kubeba mawe ya ujenzi, kusafisha sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara. Baadhi yao waliishi mbali na nyumba ya bwana, na wajibu wao mkubwa kwake ulikuwa kumletea sehemu ya walichopata.

Tahadhari inahitajika. Kumwita mtumwa huyu mfanyakazi wa mbali ni kuudogosha utumwa, kwa kuwa hakuwa na mkataba wala uwezo wa kuukataa. Kinacholinganishika hapa si hali ya mtumwa bali shida ya bwana. Bwana hakujua kama siku ile mtumwa wake alipata kazi au alikosa, wala kama alilipwa kidogo au kingi. Njia zilizokuwapo kimsingi ni mbili. Ama adai sehemu ya kila pato, na hapo atalazimika kujua pato lenyewe ni kiasi gani. Ama adai kiasi maalumu kwa muda maalumu, na hapo hana haja ya kujua chochote. Njia ya kwanza huhitaji ushahidi. Njia ya pili huhitaji tu kwamba hasara ya siku isiyo na kazi ibebwe na yule aliyekwenda kuitafuta. Kwa maoni yangu, historia yote inayofuata ni ya waajiri kusitasita kati ya njia hizi mbili, na pale walipoweza, kuzitumia zote kwa pamoja.

Msafara

Wafadhili wa misafara ya bara walikabiliwa na umbali mkubwa zaidi. Mfanyabiashara kama Tharia Topan wa Unguja alikopesha bidhaa kwa watu kama Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, kisha akakaa miaka bila kumwona mdeni wake. Usimamizi wa aina hiyo ulisimama juu ya deni, jina na ukoo. Aliyeuharibu mkopo mmoja hakupata wa pili.

Kwa wapagazi mambo yalikuwa ya kila siku zaidi. Stephen Rockel, katika utafiti wake kuhusu wapagazi, anasisitiza kwamba wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi huru wa ujira walioijua thamani ya kazi yao. Kulikuwa na tofauti ya malipo inayostahili kuangaliwa. Wapagazi wa pwani kwa kawaida walikodiwa kwa mwezi, ilhali Wanyamwezi aghalabu walikodiwa kwa safari. Anayelipwa kwa mwezi hana sababu ya kuharakisha. Anayelipwa kwa safari anayo, tena hasa ikiwa msimu wa kulima unamngoja kwao. Mwenye msafara aliyekaa pwani hakuhitaji kujua mpagazi alipumzika mara ngapi njiani. Mzigo ndio uliokuwa kipimo: ulifika au haukufika. Kilichomnyima usingizi ni utoro, na dawa yake ilikuwa kushikilia sehemu ya ujira hadi mwisho, pamoja na kumtegemea kirangozi, ambaye wapagazi walimheshimu kuliko walivyomheshimu tajiri.

Kipande

Dola ya kikoloni ilileta jibu jingine. Nchini Kenya sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole, ambacho kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Humo mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi, mshahara wake na siku alipoachiliwa. Asiyeachiliwa kwa saini hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na aliyetoroka alitafutwa kwa karatasi yake mwenyewe. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya vuguvugu la Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake Machi 1922 kulifuatwa na mauaji ya waandamanaji Nairobi. Mfumo huo wa kuwabagua Waafrika ulidumu hadi sheria ya mwaka 1947 iliyowataka watu wa makundi yote wasajiliwe.

Tanganyika neno hilohilo lilikuwa na maana nyingine, na hiyo ndiyo inayogusa mada yetu kwa karibu zaidi. Katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Siku hizo hazikulazimika kufuatana. Mtu aliweza kwenda shambani siku nne, akakosa mbili kwa sababu ya msiba au kilimo chake, akarudi. Kila siku aliyotimiza kazi aliyopangiwa, kadi ilitiwa alama. Alama thelathini zilipotimia, alilipwa.

Ukiutazama kwa juu juu, mpango huu ni wa ukarimu. Mfanyakazi anajichagulia siku, anapimwa kwa kazi aliyomaliza badala ya saa alizokaa, na akimaliza mapema anaondoka. Maneno haya yote yamo katika matangazo ya leo ya waajiri wanaojisifia unyumbufu. Mtego ulikuwa katika mambo mawili. Kwanza, ujira wote ulikaa mikononi mwa mwajiri hadi alama ya mwisho, hivyo aliyeugua siku ya ishirini na tano alikuwa amemkopesha tajiri jasho la siku ishirini na tano. Pili, siku ambayo kazi haikutimia haikutiwa alama kabisa. Mkataji aliyemaliza robo tatu ya mafungu yake hakupata robo tatu ya siku. Alipata sifuri. Na aliyeamua kama kazi imetimia ni mnyapara, au karani aliyeshika kalamu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodai kwamba kupima matokeo badala ya muda humkomboa mfanyakazi. Humkomboa ikiwa anayeweka kiasi cha kazi si yuleyule anayelipa. Akiwa ni yuleyule, ngwe inaweza kurefushwa kimyakimya, na saa haitakuwapo kumtetea aliyechoka.

E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967 kuhusu muda na nidhamu ya kazi, alieleza jinsi kiwanda cha Uingereza kilivyohamisha kipimo kutoka kwenye kazi hadi kwenye saa. Mfumaji wa nyumbani, aliyeletewa uzi na tajiri na kurudisha kitambaa, aliweza kukaa bure Jumatatu na kukesha Ijumaa. Kiwandani kengele ilimwondolea hiari hiyo. Cooper ameonyesha mwendo unaofanana na huo bandarini Mombasa: baada ya migomo ya mwaka 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947, maafisa walikuja kuamini kwamba kibarua wa siku ni hatari, na kwamba ni heri mfanyakazi wa kudumu, anayejulikana, mwenye familia mjini. Yaelekea ni katika vita hivi vya kuwaleta watu chini ya paa moja na saa moja ndipo ofisi ilipopata heshima yake kama mahali halali pa kazi. Tena saa yenyewe ilikuwa ya kigeni. Msemaji wa Kiswahili anayehesabu saa moja kuanzia macheo alilazimika kuishi na saa mbili, ya jua na ya mwajiri, na angali anaishi nazo.

Kutoka London hadi Shanghai

Mwaka 1962 Stephanie Shirley, mwanamke aliyeingia Uingereza akiwa mtoto mkimbizi, alianzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta kwa mtaji wa pauni 6. Aliwaajiri wanawake waliokuwa wameacha kazi baada ya kuolewa au kuzaa, nao wakafanya kazi majumbani kwa kalamu, karatasi na simu. Aliziandikia kampuni barua akitumia jina Steve, kwa kuwa barua zenye jina la kike hazikujibiwa. Inafahamika pia kwamba mteja alipopiga simu, alicheza kanda yenye sauti za mashine za chapa ili kelele za watoto zisisikike. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu. Ni sheria ya mwaka 1975 ya kupinga ubaguzi wa kijinsia, iliyokusudiwa kuwalinda wanawake, iliyomlazimu kufungua mlango kwa wanaume zaidi. Kanda ile inafundisha jambo. Kazi ilikuwa nzuri, ila mteja alihitaji kusikia ofisi ndipo aiamini.

Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Southern California alilipa jambo hili jina na nadharia mwaka 1973, akiangalia zaidi msongamano wa magari na matumizi ya mafuta kuliko hali ya mfanyakazi. Miongo minne iliyofuata ilikuwa ya majaribio na kughairi. Mfano unaotajwa sana ni uamuzi wa Yahoo, Februari 2013, wa kuwarudisha wafanyakazi wake wote ofisini.

Utafiti wenye uzito zaidi unatoka China. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010, kampuni ya usafiri ya Ctrip ya Shanghai, ikishirikiana na Nicholas Bloom na wenzake, iliwagawa wahudumu wa simu waliojitolea kwa kigezo cha siku ya kuzaliwa: waliozaliwa tarehe shufwa wakafanya kazi nyumbani siku nne na ofisini siku ya tano, wenye tarehe witiri wakabaki ofisini. Katika muda wa miezi tisa ufanisi wa waliokuwa nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Takwimu hizi hunukuliwa kila mahali. Kisichonukuliwa sana ni mambo mengine mawili kutoka utafiti huohuo. La kwanza, walioruhusiwa kushiriki ni wale tu waliokuwa na chumba chao wenyewe na intaneti ya kuaminika. La pili, kwa kiwango kilekile cha utendaji, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache kuliko wenzao wa ofisini. Waliofanya vizuri hawakuonekana wakifanya vizuri.

Machi 2020 na baada yake

Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliwataka waajiri wa Kenya, wa umma na wa binafsi, wawaruhusu wafanyakazi wasio wa huduma muhimu kufanyia kazi nyumbani. Tanzania haikuwafungia watu ndani. Vyuo vilifungwa katikati ya mwezi huo na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni, lakini ofisi nyingi ziliendelea, na zile zilizowatuma watu nyumbani zilifanya hivyo kwa hiari au kwa shinikizo la wateja wa nje.

Nilikuwa nikifanya kazi katika mojawapo ya ofisi hizo, ofisi ya tafsiri jijini Dar es Salaam. Tulilipwa mshahara wa mwezi, na kila mmoja alikuwa na idadi ya maneno ya kukamilisha kwa siku. Tulipopelekwa nyumbani tulitakiwa kupakua programu iliyopiga picha ya kioo cha kompyuta kila baada ya dakika kumi na kuhesabu miguso ya kibodi. Ofisini hakuna aliyewahi kuhesabu miguso yetu. Bando tulinunua wenyewe, na umeme wa LUKU pia.

Mwenzangu mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Alifanya kazi yake usiku, saa nne hadi saa nane, mtoto akiwa amelala, na alfajiri akazituma kurasa zake zote. Wahariri hawakuwa na lalamiko. Hata hivyo, programu ilimwonyesha kuwa hayupo tangu saa mbili asubuhi hadi alasiri, na mwisho wa mwezi alikatwa siku sita. Alipouliza, aliambiwa kwamba maneno ni wajibu wake na saa pia ni wajibu wake. Sikuwa nimesoma chochote kuhusu mkonge wakati ule. Nilipokuja kusoma, niliona kwamba yeye alikuwa katika hali ambayo hata mkataji wa mkonge hakuwekewa: mkataji aliyetimiza mafungu yake alitiwa alama bila kuulizwa aliyatimiza saa ngapi.

Haki inamtaka mtafiti aseme pia upande wa pili. Meneja wetu hakuibuni programu ile. Mteja mkubwa, aliyekuwa nje ya nchi, alilipa kwa saa na alidai uthibitisho wa kila saa. Meneja mwenyewe alipigwa picha kila baada ya dakika kumi. Mnyapara naye alikuwa na mnyapara wake.

Sheria haikutusaidia sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, lakini haielezi siku ya kazi inaanza na kuisha vipi ikiwa meza ya kazi ndiyo meza ya chakula. Ufaransa, kuanzia Januari 2017, kampuni kubwa zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kujitenga na simu na baruapepe baada ya saa za kazi. Kenya, Seneta Samson Cherargei alipendekeza muswada wenye lengo kama hilo, na waajiri wakaupinga. Mkataba Na. 177 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi ya nyumbani ulipitishwa tangu mwaka 1996, nao unataka anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na wengine. Mataifa yaliyouridhia ni machache mno.

Lililobadilika, na ambalo halijajadiliwa vya kutosha, ni mahali kumbukumbu inapokaa. Kibarua alikuwa na karatasi yake mkononi, na bila ya yeye kuirudisha hesabu haikufungwa. Mwenye kipande cha mkonge aliweza kuhesabu alama zake mwenyewe hata kama hajui kusoma, na kumwonyesha jirani. Kipande cha Kenya kiliandikwa na mwajiri na kikawa mnyororo, lakini mbebaji angalau alijua kilipo. Kumbukumbu ya mwenzangu ilikaa katika kompyuta asiyoijua, ikisomwa na watu asiowajua, naye akaonyeshwa jumla tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Nilipokuwa nikiandaa utafiti huu niliitumia. Niliiandikia ile ofisi ya zamani barua ya ukurasa mmoja, nikaomba kumbukumbu zangu. Baada ya kufuatilia mara tatu nililetewa jedwali lenye safu nne: tarehe, saa, miguso, hali. Nikaitafuta siku moja niliyoikumbuka, ambayo umeme ulikatika mtaani kwetu tangu asubuhi, nami nikatafsiri kurasa kumi na moja kwa kalamu kisha nikazichapa usiku. Ipo. Kwa saa zote za mchana, safu ya miguso ina sifuri, na safu ya hali ina neno moja linalojirudia hadi chini ya ukurasa: hayupo.